Steringi hafi, ila hawa

MkaaDirishani
Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu. Kama uko kwenye matatu na simu iko asilimia nane, weka alama urudi jioni.

Nilikulia Githurai enzi za vibanda vya video. Mnavikumbuka: mabati, pazia la gunia mlangoni, benchi zilizotolewa kanisani, kumi bob unaingia. Mbele kuna tivii moja na dijei ameshika maiki, anasimulia muvi kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti ya Wachina wenyewe. Kibandani sheria ilikuwa moja tu: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Ukichelewa unauliza "steringi nani?", ukishaonyeshwa unatulia, kwa sababu huyo hata akipigwa risasi sita aangukie mtoni, utamkuta ng'ambo anaoshwa kidonda na msichana wa kijiji.

Siku moja ilikuwa muvi ya polisi wa Marekani. Ndani yake mlikuwa na jamaa mwembamba, shati la hariri, anaongea taratibu na kugusagusa kola. Dijei akambatiza jina la kike papo hapo: "Na huyu sasa ni Shiru." Kibanda kizima kikavunjika mbavu. Kila akitokea, "Shiru huyo!" Haikufika nusu saa Shiru akapigwa risasi kwenye lifti. Dijei akasema, "Shiru amerudi kwa mamake," tukacheka tena. Nami nilicheka, sana. Kando yangu alikaa kijana wa ploti yetu, yule aliyekuwa akiruka kamba na wasichana. Hakucheka. Alikuwa anabandua rangi ya benchi kwa ukucha, kidogo kidogo, macho chini.

Miaka imepita na muvi nimeziona nyingi, na siku hizi nina tabia moja. Kukiwa na mwanamume anayependa mwanamume, au mwanamke anayependa mwanamke, sijali sana wamemwonyeshaje katikati. Natazama mwisho. Anakufa? Anatubu? Anapelekwa mbali? Ama anabaki hai kwenye fremu ya mwisho kama mtu mwingine yeyote?

Hollywood jambo hili walikuwa nalo kwa maandishi. Mwaka 1930 studio zilijiandikia kanuni za maadili, na kuanzia 1934 zikawa na meno: filamu isiyo na muhuri wa ofisi ile haikupata kumbi kubwa. Mapenzi ya jinsia moja hayakuruhusiwa hata kudokezwa, na mkosaji wa aina yoyote ilibidi apate cha mtema kuni kabla ya filamu kuisha. Kanuni hizo zilidumu hadi 1968. Kwa hiyo waandishi wakajifunza kupenyeza. Unampa mhusika manukato, ama unamfanya mtumishi wa kike anayezipapasa nguo za bibi yake marehemu kwa upendo wa ajabu, kisha unamchoma na nyumba. Huyo ni Mrs Danvers wa filamu ya Rebecca, 1940. Kufika 1961 kanuni zilikuwa zimeanza kulegezwa. Katika The Children's Hour, mwalimu anakiri kwa maneno yake kwamba anampenda mwalimu mwenzake wa kike, na hazipiti dakika nyingi anajinyonga. Ruhusa ya kusema ilikuja na kamba.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Watu wengi hudhani ni kwa sababu ya kitanda. Wanaotafuta kitanda watavunjika moyo, hakuna cha maana humo. Kahiu mwenyewe alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Someni tena hiyo sentensi. Wasichana wawili wa mtaani kupendana kungevumilika, mradi wangemalizia kwa majuto.

Yaani dijei wa Githurai na bodi wangeelewana vizuri tu. Mnasemaje?

Mzee_Kijiko
Kijana, unazunguka mbuyu. Sheria ni sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kipo, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Bodi nayo ina sheria yake ya filamu na michezo ya jukwaani. Ulitaka ipitishe filamu inayosifu kosa la jinai? Mimi nina wajukuu, wanaangalia kila kitu kwa simu. Nani atawalinda?

MkaaDirishani
Shikamoo mzee. Suala la wajukuu nalielewa, na hapo hatugombani: filamu ya watu wazima iandikwe ni ya watu wazima, mlangoni waombwe kitambulisho. Kuainisha ndiko huko.

Lakini hoja ya jinai haisimami, mzee wangu. Wizi wa mabavu nao ni jinai. Nairobi Half Life inaanza na kijana kuporwa alipofika tu mjini, kisha yeye mwenyewe anajiunga na genge la kuiba vipuri na magari. Filamu hiyo ilipita, tukaipigia makofi, na mwaka 2012 ikawa filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Hakuna aliyesema itawafundisha wajukuu kung'oa taa za magari pale Kirinyaga Road. Tulielewa kwamba kusimulia si kusifu. Kwa nini ufahamu huo huisha ghafla kwa hawa?

Mzee_Kijiko
Mwizi katika hiyo filamu anaona cha moto. Mwisho wake unajulikana.

MkaaDirishani
Ahsante mzee, umenisaidia kuliko unavyodhani. Ndiyo hoja yangu: mnachoangalia ni mwisho.

MwanaPwani_Kwale
Niingie kidogo kwa upande wa lugha, maana hapa bara mnalitumia neno "shoga" kama jiwe. Kwetu mama akimwita jirani yake dirishani "Shoga, njoo uonje mchuzi," hapana aliyetukanwa. Ni mwenzake wa kike wa karibu, wa kupeana siri na kukopeshana chumvi. Neno moja, mtu ajua lipi kwa sauti na kwa aliyelisema.

La pili. Kiswahili chetu hakina "yeye wa kiume" na "yeye wa kike". "Anampenda." Nani anampenda nani? Sentensi imekaa kimya. Niliwahi kuandika tafsiri za chini ya skrini kwa filamu fupi ya wanafunzi, na Kiingereza chake kilikuwa kimejaa ishara za nani mke nani mume. Kwa Kiswahili zote zikayeyuka. Msimamizi akaniambia niongeze "yule mwanamke", "yule mwanamume" ili mtazamaji asichanganyikiwe. Nikamuuliza, kwani mtazamaji haoni picha? Akasema aonavyo huenda akaona asichotakiwa. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Na jina lenyewe, Rafiki. Kahiu alisema alilichagua kwa sababu watu wa namna hii hawana jina jingine la kumtambulisha mpenzi wao mbele za watu. "Huyu ni rafiki yangu." Neno limevishwa kanzu mbili.

FundiSauti
Mimi nafanya sauti, miaka kumi na moja sasa, matangazo na tamthilia, na filamu pesa zikiwepo. Nataka kuwaambia marufuku huanzia wapi. Haianzii kwa bodi.

Kulikuwa na tamthilia, jina naliacha. Kwenye skripti mlikuwa na kaka wa mhusika mkuu, ana saluni, ana maisha yake, na kipindi cha nane analetwa mwenzake kwa chakula cha jioni. Onyesho la dakika tatu tu. Mama anapakua, anasita, anaongeza sahani ya tano. Hakuna maneno makubwa. Mimi nilikuwa nimeshapanga kunasa ule mlio wa sahani ikitua mezani, nikajua huo ndio utabeba onyesho lote.

Wiki moja kabla, mwigizaji akapiga simu. Anaipenda kazi, lakini keateka, msimamizi wa ploti yao, hutazama hiyo stesheni. Si mamake aliyemhofia, ni keateka. "Nikifukuzwa nyumba mtanilipia deposti?" Mtayarishaji naye akaanza kuhesabu: leseni ya kupiga picha, mdhamini, stesheni. Mwandishi akaambiwa arekebishe. Siku ya kupiga picha mwenzake amegeuzwa kuwa mchumba wa kike aliyekuja kukopa pesa, na yule kaka sasa anatembea akipepesa mikono, anapiga kelele kila sentensi. Kila mtu kwenye seti alicheka. Nilikuwa na vipokea sauti masikioni, nikasikia mama muigizaji anamnong'oneza mwenzake: "Ile sahani ilikuwa nzuri."

Kwa hiyo bodi haikukata kitu. Haikuletewa cha kukata.

MkaaDirishani
Fundi, hii nimeisoma mara mbili. Yule kaka akipiga kelele anaruhusiwa, akinyamaza akapakuliwa ugali haruhusiwi.

Na hebu tuangalie vichekesho vyetu. Vijana wangapi wamejitajirisha YouTube kwa kuvaa dera na wigi, leso kiunoni, wakiigiza mama mwenye kofi jepesi? Naipenda kazi yao, siwasemi vibaya, mama zetu wamewapata sawasawa. Lakini mwanamume kuvaa nguo za kike kwa kicheko ni burudani ya familia nzima saa moja jioni. Nguo si tatizo. Mtu kuwa na moyo ndani ya hiyo nguo ndipo watu wanapozima tivii.

Nyambo_Umoja2
Wanaume mmeongea vya kutosha, sasa nipisheni.

Mimi niliiona Rafiki pale Prestige, Ngong Road, Septemba 2018. Mahakama Kuu, Jaji Wilfrida Okwany, ilikuwa imesimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima tu, ili filamu itimize sharti la Oscar la kuonyeshwa nyumbani siku saba mfululizo. Nilitoka kazini nikiwa na mfuko wa sukuma wiki, nikaingia nao kwa sinema. Tiketi zilikuwa zinaisha unaona. Mbele yangu walikuwa wasichana wawili, mmoja ana rasta za rangi kama za Ziki, mmoja wa wale wasichana wawili wa filamu, na nyuma baba mmoja mzima na suti yake, peke yake. Hakumwangalia mtu. Taa zilipozimwa nikamsikia anapumua kwa nguvu, kama mtu aliyepanda ngazi.

Oscar kwenyewe hatukuipeleka, ilipelekwa Supa Modo. Nayo ni filamu nzuri, msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa. Sina kinyongo.

Ninachotaka kusema ni kwamba mnaongea kuhusu hawa kana kwamba wanawake wengine kwenye filamu wanaishi raha mustarehe. Mwanamke wa muvi zetu ama anauza mwili, ama analia jikoni. Kuna kile kipimo kilichotoka kwenye katuni ya Alison Bechdel mwaka 1985: je, kuna wanawake wawili, wanaongea wao kwa wao, kuhusu kitu kisichokuwa mwanamume? Siku hizi huongezewa sharti wawe na majina. Kaeni Jumapili moja mhesabu. Mimi nilihesabu kwenye tamthilia za wiki nzima nikaacha Jumatano.

Ndiyo maana Kena, yule msichana mwingine wa Rafiki, alinigusa kabla hata hajampenda mtu. Anacheza mpira na wanaume, anauza duka la babake, anataka kuwa nesi. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Hayo ni mazungumzo ya wasichana wawili kuhusu kazi, jamani! Katika muvi ya Nairobi! Nilitaka kusimama.

Lakini yule mama wa Kena. Baba ni mpole, anamlinda mwanawe, tunampenda. Mama ndiye mwenye hasira, mwenye kanisa, mwenye aibu. Najua kwa nini: mtoto akiwa "hivyo" mtaa humuuliza mama, si baba. Walionyesha ukweli. Bado nilitoka nikimhurumia, maana baba alipewa upole wote, yeye akaachiwa kazi chafu.

MkaaDirishani
Hilo la mama sikuliona, na nimeitazama mara tatu. Nakubali.

Bw_Projekta
Nikorofishe kidogo, na mimi niko upande wenu.

MkaaDirishani unasema uangalie mwisho. Sawa. Mimi nimechoka na katikati. Rafiki ina kundi la watu wanaowavamia wale wasichana na kuwapiga. Hakuna anayekufa, mwisho una mwanga, lakini kipigo lazima kiwepo. Kwa nini? Kila filamu ya aina hii nchini na nje lazima mtu avuje damu ili nimhurumie? Kuna siku nataka filamu ambayo hawa wawili wanagombana kwa sababu mmoja hajalipia tokeni za stima. Basi. Stima ikatike, wakae gizani wakinuniana, filamu iishe.

Na jingine: filamu zetu hizi zinaonwa na nani? Stories of Our Lives ya mwaka 2014 ya kundi la Nest ilioneshwa Toronto, ikapata tuzo Berlin mwaka uliofuata, na hapa ikapigwa marufuku. Mtayarishaji wake George Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni. Awali majina ya waliohusika yalifichwa kabisa. Halafu 2021 ikaja zamu ya filamu ya hali halisi ya Peter Murimi, I Am Samuel. Wazungu wanaziona, sisi tunasoma habari zake gazetini. Mwishowe mtu kama Mzee_Kijiko anasema ni mambo ya Wazungu, na utamlaumuje, kama ni wao tu walioziona?

MkaaDirishani
La damu umenibana. Nitajitetea nusu: kipigo cha mtaani si cha kubuni, mtu akikiacha ataambiwa anaota. Nusu nyingine sina jibu. Tokeni za stima ningelipia tiketi, hata mbili.

La kuonwa nje nakubali kabisa, ila angalia hizo tatu ulizotaja kwa jicho la mwisho. Katika Stories of Our Lives kuna kisa cha Athman: vibarua wawili wa shamba, marafiki wa miaka, mmoja anampenda mwenzake na mwenzake hawezi kumrudishia. Hakuna anayemuua mwenzake. Picha ni nyeusi na nyeupe, uhusiano umevunjika kimyakimya kama urafiki wowote unavyovunjika. Bodi ilisema filamu nzima inaeneza ushoga kinyume na maadili ya taifa. I Am Samuel ni kibarua wa mjengo hapa Nairobi, babake ni mhubiri kijijini, na kamera inakaa nao miaka mitano wazazi wakihangaika kujua wamfanyeje mtoto wao. Mzazi anayeanza kulegea, hicho ndicho kinachotisha. Mzazi anayelaani mwana mpaka mwisho asingemsumbua mtu ofisini.

Si Kenya pekee, msinielewe vibaya. Mwaka 1997 Mohamed Camara wa Guinea alitoa Dakan, vijana wawili wa kiume wanaopendana, wazazi wao, uganga, ndoa, vyote vimo. Mwisho wanaingia kwa gari, wanaondoka. Robo karne na zaidi na bado watu wanauliza kama Mwafrika anaweza kuandika hadithi kama hiyo bila kutumwa.

Jirani_Mpya
Samahani wakubwa, mimi ni msomaji wa kimya hapa, miaka miwili sijaandika. Nataka tu kuuliza MkaaDirishani: yule kijana wa benchi, wa kubandua rangi, yuko wapi?

MkaaDirishani
Sijui. Walihama ploti kabla ya mtihani wa darasa la nane. Nilimwona mara moja Tom Mboya Street, amebeba boksi la viatu kichwani, nikavuka barabara upande wa pili. Sikuwa na haraka yoyote.

Kuna onyesho ndani ya Rafiki watu hulisahau. Mtaani mna kijana ambaye wale wa kibandani humtukana kila akipita, na Kena yupo, hasemi kitu. Mambo yanapomharibikia naye, yule kijana anakuja kukaa kando yake. Hawaongei. Wamekaa tu. Hapo ndipo nililia, si kwa kipigo.

Nyambo_Umoja2
Yule baba wa suti pia. Hapo hapo.

Mzee_Kijiko
Nimekuwa nikisoma tu. Msidhani nimelala. Hiyo filamu sijaiona na sitaitafuta. Lakini mmekula kurasa mbili mkisema mwisho, mwisho, na hakuna aliyetoboa. Huo mwisho ni upi?

MkaaDirishani
Ziki anapelekwa London na wazazi. Miaka inapita. Kena anaambiwa Ziki amerudi. Anapanda kule mlimani walikokuwa wakikutana. Amesimama anatazama mji. Mkono unagusa bega lake.

Mzee_Kijiko
Halafu?

MkaaDirishani
Anageuka.

Mzee_Kijiko
Halafu?

Nyambo_Umoja2
Halafu taa zikawashwa, mzee, nikakuta sukuma wiki yangu imekanyagwa yote.

Mzee_Kijiko
Kwa hiyo hakuna aliyekufa.

MkaaDirishani
Hakuna.

Mzee_Kijiko
Bado siungi mkono.

Bw_Projekta
Sawa mzee. Kuna mtu anajua tokeni zinachelewa kwa nini leo? Nimetuma pesa tangu saa kumi na mbili.